Jacobo Árbenz: raisi aliyegawa mashamba, mifupa yake ikarudi nyumbani baada ya miaka 41



Mwezi uliopita tulikuwa kwenye kikao cha magomvi ya mashamba, upande wa Fizi, chini ya mwembe kama kawaida. Mzee mmoja aliyerudi kutoka Nyarugusu, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya ukimbizi, alisimama na karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka maandishi yamefutika kwenye mikunjo. Shamba la baba yake linalimwa na mtu mwingine. Yule mwingine naye ana karatasi, mpya, yenye muhuri. Chefu wa lokalite alikuwa anatazama chini. Mzee alipomaliza kueleza akanigeukia mimi, akaniuliza kama kuna inchi ingine duniani ambako watu walirudi wakakuta mambo kama haya, na huko nani alianza.

Nilimwahidi kujibu katika gazeti letu hili. Jibu ni refu kidogo, juu lazima nianze na mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye wengi wetu huku hatujasikia jina lake, lakini kwao kila mtoto wa shule analijua.

Guatemala ni inchi ya Amerika ya Kati. Ukubwa wake haufiki hata mara mbili ya Kivu ya Kusini yetu. Juu yake kuna Meksiko, na juu ya Meksiko kuna Marekani. Kwa hiyo Marekani haipakani na Guatemala, lakini tangu zamani imehesabu inchi zote za eneo lile kama lupango yake ya nyuma ya nyumba: hakuna mtu wa kuingia mle, wala wa kupanda kitu mle, bila yeye kuchungulia.

Jacobo Árbenz alizaliwa mwaka 1913 katika mji wa Quetzaltenango. Baba yake alikuwa Mswisi mwenye duka la dawa, mama yake mtu wa Guatemala. Familia ilikuwa inaishi vizuri mpaka baba akazoea morfini, dawa ya kutuliza maumivu, duka likaanguka, na mwishowe baba akajiua. Kijana alikuwa na hamu ya kusoma zaidi, lakini feza haikuwepo. Akaingia shule ya maofisa wa jeshi, juu ilitoa nafasi za bure. Alikuwa mwanafunzi hodari kuliko karibu wote waliopita pale, na baadaye akafundisha palepale. Katikati alipangwa kwenye kituo kimoja ambako kazi yake ilikuwa kusimamia wafungwa waliofanya kazi wakiwa na minyororo. Wale walioandika habari zake wanasema jambo lile lilimkaa moyoni. Naamini. Kuna mambo mtu akiyaona na miaka ishirini hayaondoki.

Mwaka 1939 akaoa María Vilanova, binti wa tajiri mwenye mashamba wa El Salvador. Huyu mama ndiye aliyekuwa akinunua vitabu na kumwekea bwana yake mezani. Wote wawili walitoka kwenye meza yenye chakula. Wangeweza kukaa kimya, wakala, wakazeeka.

Wakati ule Guatemala iliongozwa na generali Jorge Ubico. Chini yake, mkulima asiye na shamba la kutosha alilazimishwa na sheria kufanya kazi siku 100 au 150 kwa mwaka kwenye mashamba ya wakubwa, na alitembea na kitabu cha kuonyesha siku alizofanya. Wale wazee wetu waliokumbuka kazi ya lazima ya wakati wa Wabelgiji, pamba na barabara, wangeelewa bila mkalimani. Na juu ya wakubwa wote wa mashamba kulikuwa na kompani moja ya Marekani, United Fruit, ya ndizi. Ilikuwa na zaidi ya hektari 200,000, na karibu sehemu 85 kwa 100 za ardhi ile zilikuwa pori, hazikulimwa. Reli ilikuwa chini ya mkono wake, na bandari kubwa ya mashariki vilevile. Watu walimwita jina la mnyama wa bahari mwenye mikono minane. Sisi tuliokuwa na kompani za Katanga tunajua aina ile: unazaliwa katika nyumba yake, unatibiwa katika hospitali yake, na ukifa hujui kama kaburi ni lako.

Mwaka 1944 Ubico akaanguka, na tarehe 20 Oktoba ya mwaka uleule Árbenz alikuwa mmoja wa wale maofisa vijana waliomwondoa generali aliyetaka kumrithi. Hawakushika ufalme. Uchaguzi ukafanywa, mwalimu Juan José Arévalo akawa raisi, Árbenz akawa waziri wa ulinzi. Nisimpake mafuta: mwaka 1949 mkubwa wa jeshi, Arana, ambaye alikuwa anapanga kushika madaraka, aliuawa kwenye daraja moja na watu waliotumwa kumkamata, na serikali haikueleza wananchi ukweli wote. Lile doa Árbenz alikwenda nalo mpaka mwisho. Mwaka 1950 akachaguliwa raisi kwa zaidi ya nusu ya kura, akaapa Machi 1951.

Sasa tufike kwenye shamba.

Wakati ule, wenye mashamba wawili katika kila mia walikuwa na zaidi ya sehemu 70 kwa 100 za ardhi ya kulima. Tarehe 17 Juni 1952 ikatoka Dekre 900. Nimeisoma maelezo yake mara nyingi kwa sababu ya kazi yangu, na ninawaambia si sheria ya hasira. Shamba lisilofika hektari 90 halikuguswa. Shamba kubwa lililolimwa halikuguswa. Lililochukuliwa ni pori la wakubwa tu, na mwenyewe alilipwa kwa hati za deni za serikali, za miaka 25, zenye faida ya 3 kwa 100. Bei ilikuwa ipi? Ile ile ambayo mwenye shamba aliandika mwenyewe alipokuwa analipa kodi. Hapo ndipo wengi walishikwa, juu miaka yote walikuwa wanaandika bei ndogo ili kodi iwe ndogo. Katika kila kijiji ikawekwa komite ya kusikiliza maombi, na wakulima wenyewe wakakaa ndani. Wengi hawakupewa shamba la kuuza; walipewa haki ya kulima maisha yao yote. Banki ya wakulima ikafunguliwa ili wapate mbegu na majembe. Raisi mwenyewe akatoa sehemu ya mashamba yake.

Katika miaka miwili familia karibu 100,000 zilipata ardhi. Makosa yalikuwepo: kuna mahali wakulima waliingia kabla ya komite kukata kesi, na kuna mahali walipigana wao kwa wao juu ya mipaka. Sisi tunaokaa kwenye vikao vya chini ya mwembe hatushangai.

Kompani ya ndizi ikachukuliwa sehemu ya pori lake. Kwa kipande cha kwanza serikali ikasema italipa zaidi kidogo ya dola 627,000, kufuatana na makaratasi ya kodi ya kompani yenyewe. Jibu halikutoka kwa kompani. Lilitoka kwa wizara ya mambo ya inje ya Marekani: dola milioni 15 na zaidi. Fikirini kidogo. Umegombana na jirani juu ya bei ya shamba, na anayekuja kujibu ni jeshi la kitongoji kizima.

Lakini nisiseme ni ndizi peke yake, nitakuwa nimewadanganya. Ilikuwa wakati wa vita baridi. Wakubwa wa Washington waliogopa Urusi kweli, na Árbenz alikuwa na marafiki wakomunisti. Wamoja wao walimsaidia kuandika ile dekre. Katika bunge walikuwa wanne tu kati ya zaidi ya hamsini, na hakuna waziri hata mmoja aliyekuwa mkomunisti, lakini mwenye woga hahesabu. Waziri wa mambo ya inje, John Foster Dulles, alitoka katika ofisi ya avokati iliyowahi kutetea kompani. Ndugu yake, Allen Dulles, aliongoza CIA. Woga na faida zilikaa katika nyumba moja, na mpaka leo wenye elimu wanabishana ni kipi kilitangulia. Kwa yule mkulima wa ndizi haikuleta tofauti.

Raisi Eisenhower akakubali mpango wa siri mwaka 1953. Na hapa ndipo ninataka msomaji wa Fizi, wa Uvira, wa Goma asome polepole, juu namna ilivyofanyika ataitambua.

Hawakuleta jeshi lao. Walitafuta mwana-inchi mwenye kinyongo, kanali Carlos Castillo Armas, aliyekuwa amekimbia baada ya kushindwa kupindua. Wakamtafutia watu mia chache, wakawalipa. Mazoezi yakafanyika kwa majirani, sana sana Nikaragua ya Somoza, na njia ya kuingilia ikawa Honduras. Inchi zile ndogo zilikuwa na viongozi walioogopa wakulima wao wasije nao wakaomba dekre. Ndege zilikuwa za CIA, marubani wa kukodi. Hadharani walisema ni magomvi ya Waguatemala wenyewe. Wakati uleule Marekani ilikataza mtu yeyote kuuzia Guatemala silaha, na Árbenz alipotafuta silaha za Chekoslovakia, zikafika kwa meli Mei 1954, ikawa ushahidi kwamba ni mtu wa Urusi.

Tena kulikuwa na redio. Ilianza kusema mwezi wa Mei 1954, ikijidai iko ndani ya pori la Guatemala pamoja na wapiganaji. Kumbe vipindi vilitayarishwa Miami. Ilitangaza vikosi ambavyo havikuwepo na vita ambavyo havikupiganwa, na watu wakaanza kufunga mizigo. Mimi nilikuwa mtoto wakati wa vita yetu, na ninakumbuka mama alivyoweka masufuria kichwani kwa sababu ya habari ya redio ya jirani, habari ambayo mpaka leo hatujui kama ilikuwa kweli. Tulikimbia kweli, lakini.

Tarehe 18 Juni 1954 Castillo Armas akavuka mpaka na watu karibu 480. Vita yenyewe ilikuwa hafifu. Ndege zilirusha mabomu machache, na watu wa mji wakazipa jina la dawa ya kuharisha, juu ya yale zilifanya tumboni mwa wakubwa. Jeshi la Guatemala lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko wale waasi. Lakini maofisa waliopelekwa mpakani walikataa kupigana. Hawakumwogopa Castillo Armas. Walimwogopa aliye nyuma yake. Walijua wakishinda hawa 480, watakuja wengine wasiohesabika.

Árbenz alifikiri kugawa bunduki kwa wakulima, na jeshi likakataa. Tarehe 27 Juni usiku akasema kwenye redio kwamba anaachia kiti. Alifikiri akitoka yeye, yale aliyofanya yatabaki, na rafiki yake kanali Díaz atayalinda. Díaz hakukaa hata siku mbili. Balozi wa Marekani hakumtaka. Katika siku kumi na moja zikabadilishana kamati za maofisa moja baada ya ingine, na tarehe 3 Julai Castillo Armas akaingia mji mkuu kwa ndege ya ubalozi wa Marekani. Nimejiuliza mara nyingi kama angesimama ingekuwaje. Bibi yangu, ambaye si mtu wa siasa, alinijibu kwamba raisi anayeachia kiti ili watu wasife amefanya vema. Lakini watu walikufa. Tena mingi.

Katika mji ule wakati uleule alikuwapo daktari kijana wa Arjentina, hana kazi, hana feza, jina lake Ernesto Guevara. Aliona yote, akakimbilia ubalozi wa kwao, kisha Meksiko, ambako alikutana na Fidel Castro. Ndiye Che. Wazee wa Kibamba wanamjua kwa jina la Tatu, juu Aprili 1965 alivuka ziwa kutoka Kigoma akakaa milimani kwetu miezi saba. Somo alilochukua Guatemala ni kwamba serikali isiyowapa raia bunduki haidumu. Alilibeba lile somo mpaka Fizi, na jinsi lilivyoishia kwetu hamna haja ya kuambiwa nami. Na yule Allen Dulles wa CIA, mwaka 1960 alikuwa bado kwenye kiti chake wakati sumu ya kumuua Lumumba ilipopelekwa Léopoldville. Ile haikutumika; Lumumba aliuawa kwa njia ingine. Ninaitaja ili tuone kwamba umbali kati ya Guatemala na sisi ni mdogo kuliko kwenye karata.

Árbenz na familia yake walikaa zaidi ya miezi miwili ndani ya ubalozi wa Meksiko. Septemba walipopelekwa kwenye ndege, alivuliwa nguo uwanjani mbele ya wapiga picha, eti anatafutwa vito alivyoiba. Hawakukuta kitu. Picha ikasambazwa.

Kutoka pale akawa mkimbizi, na hapa ninyi mnajua kuliko mimi. Meksiko hakukaa mingi. Uswisi, inchi ya baba yake, ikasema atapata makaratasi kama atakana uraia wa Guatemala. Akakataa. Mtu amefukuzwa, ametukanwa, hana hata kitambulisho, na bado hataki kuandika kwamba si wa kule! Akapita Ufaransa, Prague, Moscow. Mwaka 1957 Uruguay ikampokea kwa sharti asiseme siasa. Kule nyuma CIA iliendelea kumwandika vibaya kwenye magazeti, ili kila inchi aliyogonga mlango imwogope. Mwaka 1960 akaenda Kuba, na huko viongozi walikuwa wanasema mbele ya watu kwamba Kuba si Guatemala, maana wao hawatakimbia. Alikuwa anasikiliza. Mwaka 1965 binti yake Arabella alijiua Bogotá. Meksiko ikamruhusu kuja kumzika. Pombe ilikuwa imeshamshika. Tarehe 27 Januari 1971 alikutwa amekufa kwenye maji ya bafu yake, mji wa Meksiko, na miaka 57. Hakuzikwa kwao. Alizikwa San Salvador, kwa watu wa bibi yake.

Na zile familia 100,000? Castillo Armas alifuta dekre, na karibu zote zilifukuzwa. Wasiojua kusoma wakanyang'anywa kura. Mwaka 1960 vita ya ndani ikaanza, ikadumu miaka 36. Tume ya ukweli iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti mwaka 1999: watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa, wengi wao Wamaya, na kwa sehemu kubwa mkono ulikuwa wa serikali, jeshi ambalo Marekani ililifundisha na kulisaidia. Mwezi wa tatu wa mwaka ule raisi Clinton alikwenda kule akakiri kwamba msaada ule ulikuwa kosa. Ninyi wafadhili wetu, wamoja mnatoka inchi zenye nguvu, na siandiki haya ili kuwatia aibu. Mnatoa feza ya mabati na mbegu, tunashukuru. Lakini muwaulize pia wabunge wenu silaha na mazoezi yanakwenda kwa nani.

Sasa ninamjibu mzee. Ndiyo, kuna watu walirudi. Miaka ya 1980 zaidi ya Waguatemala 40,000 waliandikishwa na HCR kwenye kambi za Meksiko, na wengine mingi walikaa bila kuandikishwa. Mule kambini walichagua wajumbe wao wenyewe, wanawake na wanaume, na wajumbe wale ndio waliokaa meza moja na serikali yao. Walikataa kurudi mmoja mmoja. Waliomba kurudi pamoja, na karatasi ya shamba iwe sehemu ya mapatano, si ahadi ya baadaye. Mapatano yakatiwa sahihi tarehe 8 Oktoba 1992. Tarehe 20 Januari 1993 watu karibu 2,500 wakavuka mpaka kwa mabasi, vita ikiwa haijaisha, wakaenda kujenga kijiji eneo la Ixcán, wakakipa jina la siku ile waliyovuka. Kuna waliokuta mashamba yao ya zamani yana watu wengine, waliowekwa na jeshi, nao maskini vilevile. Wamoja walielewana wakagawana, wengine kesi zilichukua miaka mingi.

Árbenz naye alirudi. Oktoba 1995 mifupa yake ililetwa kutoka San Salvador, bibi yake mzee akiwa pamoja nayo, na jeshi lileile lililokataa kumpigania likapiga mizinga ya heshima. Watu walijaa njiani. Mwaka 2011 serikali ya Guatemala ikaomba radhi kwa familia, mwanawe akiwa amesimama palepale kwenye jumba la raisi.

Kesi ya mzee wetu inaitwa tena wiki ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe uleule. Yule mwenye karatasi mpya ameahidi kufika. Wanachama wanaojua mipaka ya zamani ya sehemu ile, mto ulipopita kabla ya mafuriko na kaburi la babu yake lilipokuwa, tunawaomba waje kusema walichoona.